Ufunguo wa Kifuli cha Kati

Justa alikubali kuja. Habari hiyo aliileta Hosiana saa mbili na nusu asubuhi, akiingia uani kwa Bi Mwanaidi na ngoma yake kichwani.

"Ameshapanda bodaboda huko Vugiri," Hosiana alisema akiitua ngoma. "Lakini amesema ufunguo wake hampi mtu. Anafungua kwa mkono wake mwenyewe, halafu ndiyo mumfukuze vizuri."

"Na afungue," alisema Bi Mwanaidi. Alikuwa anakunja nguo za kwenda nazo harusini, na hakuinua macho. "Akishafungua ataweka ufunguo mkekani, na jina lake tutalikata kwenye daftari akiwa anaangalia. Sitaki kuambiwa nimemhukumu mtu mgongoni."

Edna alikuwa ameketi mkekani, gitaa limelala mapajani. Nyuzi mpya sita zilikuwa kando yake kwenye vikaratasi vyao, pamoja na koleo na kandambili moja kuukuu. Gari la kwenda Kwaluguru lingeondoka saa sita. Jioni ile Yusra, mjukuu wa Bi Mwanaidi, alikuwa anaolewa, naye alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba harusi yake haiwezi kuchezwa kwa ngoma tupu wakati bibi yake ana kikundi chenye gitaa.

Kila mtu pale uani alikuwa anamsubiri Justa alete ufunguo wa kifuli cha kati, na Edna peke yake ndiye aliyejua kwamba ufunguo wa Justa haufungui kitu.

Ili umwelewe lazima ujue mambo ya kikundi hicho. Kaza Moyo ni akina mama kumi na mmoja wa Korogwe. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, Wakristo kwa Waislamu, na wachache ni wa kutoka Handeni kama Bi Mwanaidi, aliyezaliwa Kwaluguru akaolewa Korogwe. Wanapiga kwenye harusi na kuaga mabinti, na hawaulizi kama mwenye sherehe ana shekhe au padri. Walianza na ngoma na makopo. Gitaa la umeme walilipata Tanga kwa bendi ya hoteli iliyokuwa imevunjika, na siku lilipotolewa mkobani ndiyo siku kosa lilipofanyika.

Shingoni mwa gitaa hilo, pale juu nyuzi zinapoanzia, kuna vyuma vitatu vidogo, kila kimoja kimekalia nyuzi mbili, na kila kimoja kina tundu la ufunguo. Mwanamuziki wa mjini angewaambia kwamba ni vibanio tu vya kuzishika nyuzi zisilegee. Lakini hawa ni watu wa kikoba, kile chama cha kuweka na kukopeshana fedha. Kwenye kikoba kuna sanduku, sanduku lina makufuli matatu, na funguo zake wanakaa nazo watu watatu wa nyumba tatu, ili asiwepo wa kufungua peke yake. Sasa gitaa lina vifuli vitatu, na kwenye mfuko wa mkoba zimo funguo tatu zilizopinda, zile ambazo mafundi wa pikipiki wanaziita alenki. Msiwacheke, hata mimi ningegawa.

Bi Mwanaidi alipiga makofi siku ile. "Jamani, hata waliolitengeneza wanajua watu tulivyo!" Alichagua kwanza kwa kuwa ni mwenyekiti, akachukua ufunguo mwembamba kuliko yote, maana ulikaa vizuri kwenye pindo la kanga. Justa, mwimbaji mwenye sauti kuliko wote, akapewa wa ukubwa wa kati, na kifuli chake kikawa cha kati. Ule mnene ulimbakia Edna, mpigaji, aliyekuwa mdogo kwa umri na hakuwa na la kuchagua. Hosiana akaandika kwenye daftari kwamba vifuli havitafunguliwa mpaka wote watatu wawepo.

Mwaka mzima havikufunguliwa. Gitaa likitoka kwenye sauti kidogo Edna alilirudisha kwa skrubu sita ndogo zilizo huku chini, ambazo hugeuzwa kwa vidole bila ufunguo wowote. Alilala nalo chumbani kwake, akajifunza nalo mpaka vidole vikaota sugu.

Halafu ikaja Jumatano moja, siku kumi kabla ya harusi ya Kwamsisi. Gitaa lile lina mkono wa chuma ambao ukiuvuta sauti inayumba, na Bi Mwanaidi alikuwa ameupiga marufuku kwa sababu, alisema, unalia kama mtu anayekabwa. Edna alikuwa peke yake nyumbani. Aliuvuta mara moja, akaipenda ile sauti, akauvuta tena kwa nguvu, na uzi wa tatu ukakatika. Palepale nyuzi tano zilizobaki zikapanda sauti zote kwa pamoja, maana daraja la gitaa hilo, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini, halikupigiliwa. Linaelea. Nyuzi zinalivuta mbele, springi za ndani zinalivuta nyuma, na uzi mmoja ukitoka, mizani yote inavurugika.

Alikuwa na watu wawili wa kuwapigia simu. Angesema, nimevuta mkono uliokatazwa, njooni na funguo. Aliona aibu. Akauchukua ufunguo wake akajaribu kifuli chake, kikafunguka. Sijui ni nini kilichomtuma ajaribu na cha Justa. Ufunguo uliingia ukashika, na kifuli kikalegea bila ubishi. Akajaribu cha Bi Mwanaidi, nacho vilevile. Hata skrubu za darajani, zile zinazoung'ata uzi upande wa chini, zilitii ufunguo huohuo. Edna aliuweka chini akauangalia kwa muda, kisha akaenda dukani kutafuta uzi.

Alifunga uzi mpya, akaupandisha sauti yake, akakaza vifuli saa ileile. Hapo ndipo aliposhindwa kazi, maana uzi mpya huendelea kunyooka na kushuka, na unapaswa kuvutwavutwa na kupandishwa tena na tena kabla ya kufungiwa. Yeye hakujua. Kesho yake aliurudisha kwa skrubu za chini, na kesho yake tena, mpaka skrubu ikawa imekaribia mwisho.

Kule Kwamsisi, wimbo wa pili, bibi harusi akiwa katikati ya kucheza, uzi wa tatu ulishuka. Edna aligeuza skrubu, ikagoma, imefika mwisho. Masikio ya juu, yale ya kupandishia nyuzi, hayakusaidia kitu kwa sababu vifuli vilikuwa vimeubana uzi. Akaendelea kupiga hivyohivyo. Watu walianza kwa kutazamana, wakamalizia kwa kucheka, na bibi harusi akarudi kuketi akiwa amejifunika uso. Mama wa bibi harusi aliwaambia wafunge vyombo vyao.

Bi Mwanaidi alilikagua gitaa pale pale uwanjani. Macho yake hayajazeeka. "Uzi huu unang'aa peke yake," alisema. "Uzi huu ni mpya. Uko chini ya kifuli cha nani?" Cha kati. Na Justa wiki iliyopita alikuwa amelala kwa Edna siku mbili alipoleta mboga sokoni, na mwezi huohuo alikuwa amenyimwa kuongoza wimbo wa kuingizia bibi harusi akanuna. Hesabu ilijifunga yenyewe. Justa aliapa, akalia, akamgeukia Edna. "Mdogo wangu, sema wewe. Niliwahi kuligusa gitaa kwako?"

Edna alisema, "Mimi sikuona."

Maneno mawili tu, na hakuna uongo ndani yake. Miezi mitatu aliyahesabu usiku na mchana na bado aliyaona machafu. Justa aliondoka, gitaa likaenda kukaa chini ya kitanda cha Bi Mwanaidi, na Edna akabaki akijiambia kwamba siku moja atasema, siku yenye nafasi.

Sasa bodaboda ilisimama nje ya uzio.

Justa aliingia amekonda. Alikuwa na gauni lake la Jumapili, na shingoni alikuwa na uzi mweusi ambao mwisho wake umezama kifuani. "Shikamoo Bi Mwanaidi," alisema.

"Marahaba. Za Vugiri?"

"Njema." Akawasalimia wengine kwa kichwa. Alipomfikia Edna alimtazama kidogo zaidi ya wengine, si kwa hasira, na Edna akajishughulisha na kandambili. Alikuwa anaikata vipande vya kuchomeka nyuma ya daraja, lisizame nyuzi zitakapolegezwa. Hilo alikuwa amelisoma baadaye kwenye simu, pamoja na mengine yote ambayo alipaswa kuyajua mapema.

"Tusipoteze muda," alisema Bi Mwanaidi. "Ni saa nne hii."

Edna aliuona upenyo wa kuponea, akaukimbilia kabla hajajizuia. "Nipeni funguo zote tatu," alisema. "Vifuli ni vidogo, mkiteleza mtaviharibu. Mimi nimezoea vyuma vyake. Nitafungua vyote, nyie mkaendelee na maandalizi."

Ingewezekana kabisa. Angegeuka kidogo kuelekea ukutani, angetumia ule mnene mara tatu, angerudisha funguo kwa wenyewe. Nyuzi zingebadilishwa, Yusra angecheza, Justa angekatwa kwenye daftari na kupanda bodaboda yake. Bi Mwanaidi tayari alikuwa anafungua fundo la kanga. Akauweka ufunguo wake mwembamba kiganjani mwa Edna.

"Wangu hautoki mkononi mwangu," alisema Justa.

"Justa, usianze."

"Sianzi, Bi Mwanaidi. Namaliza. Mlisema kifuli cha kati ni changu na hakuna mwingine awezaye kukifungua. Basi leo nakifungua mbele yenu nyote, mchana kweupe, ili muone mkono wangu unavyofanya nikiwa sijifichi." Akauvuta uzi mweusi kutoka kifuani. Ufunguo ulikuwa umeng'aa kwa kusuguliwa na ngozi. "Miezi mitatu naoga nao, nalala nao. Nilijua mtaniita."

Alipiga magoti mkekani. Edna alilishikilia gitaa kwa mikono miwili kwa sababu hakuwa na namna nyingine, na nyuso zao zikakaribiana mpaka akasikia pumzi ya mwenzake. Justa aliuingiza ufunguo kwenye kifuli cha kati akageuza.

Ufunguo ulizunguka bila kushika kitu.

Akautoa, akautazama, akaurudisha. Ukazunguka tena, bure, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Hosiana aliacha kufunga ngoma.

"Haya," alisema Bi Mwanaidi taratibu, na sauti yake ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele. "Haya sasa. Umebadilisha ufunguo. Ule wa kweli umeuweka wapi, Justa? Umeutupa baada ya Kwamsisi?"

"Ni huuhuu! Bi Mwanaidi, nakuapia kwa Mungu, ni huuhuu mlionipa!"

"Mbona haufungui?"

"Sijui!"

"Hujui. Harusi ya Kwamsisi umeivunja, na leo umekuja kuivunja ya mjukuu wangu. Mimi nimekukosea nini, mwanangu?"

Justa aliutazama ufunguo kiganjani mwake, na Edna akaliona jambo ambalo hakuwa amelitegemea: Justa alikuwa ameanza kujishuku. Alikuwa anajiuliza kama kweli aliupoteza, kama aliuchanganya mahali, kama labda yeye ndiye mwovu wanayemsema.

Edna alikaza kiganja. Ufunguo mnene ulikuwa humohumo mkononi, chini ya ule mwembamba wa Bi Mwanaidi. Aliogopa. Aliogopa macho ya Bi Mwanaidi, akaogopa kunyang'anywa gitaa, na hilo la pili, jamani, ndilo lililokuwa kubwa, maana nje ya gitaa lile Edna hakuwa na kitu alichokijua vizuri. Akapiga moyo konde.

Aliinama, akauchomeka ufunguo wake kwenye kifuli cha kati, akageuza. Chuma kilitoa mlio mdogo kikalegea. Akahamia kifuli cha Bi Mwanaidi, kikalegea. Akamalizia na chake. Nyuzi kuukuu zilishuka sauti kwa mnong'ono, zote sita.

Kuku alipita mkekani na hakuna aliyemfukuza.

"Wangu unafungua vyote," alisema Edna. "Hizo nyingine mbili ni za skrubu nyingine huko chini. Hazikuwahi kuwa za vifuli."

Bi Mwanaidi alimnyang'anya ufunguo wake mwembamba, akainama kwa taabu ya magoti yake, akauchokonoa kwenye kifuli chake. Ulipwaya hata kuliko wa Justa. Alibaki ameinama vile. "Mwaka mzima nimelala na huu pindoni," alisema. Halafu akainua kichwa. "Umejua lini?"

"Kabla ya Kwamsisi."

"Kabla?"

"Nilivuta ule mkono ulioukataza. Uzi ukakatika. Nikafungua peke yangu, nikafunga mwingine, nikaufunga vibaya. Justa hajaligusa gitaa hili. Siku mbili alizolala kwangu hakulitoa hata mkobani." Aliuweka ufunguo mnene mkekani. "Ni mimi, Bi Mwanaidi. Tangu mwanzo ni mimi."

Alitegemea kupigwa. Pengine angependa apigwe. Bi Mwanaidi alimtazama, kisha akamtazama Justa, na uso wake mkubwa ukamshuka. "Justa," alisema, "mimi nilikuhukumu kwa kifuli." Akaenda kuketi kwenye kiti chake akiwa amegeukia ukuta.

Justa alikuwa bado amepiga magoti. Alipoongea aliongea taratibu, akimwangalia Edna.

"Grasiana aliagwa kwenda kuolewa mwezi uliopita. Mdogo wangu wa tumbo moja. Unajua nilikuwa wapi? Nyumbani. Mama alikuja mwenyewe kuniambia, Justa, usije, watu wanasema wewe unaharibu harusi, kaa tu. Nikapika chakula nikampa mtu apeleke. Kikarudishwa. Walikirudisha na sufuria halijafunguliwa."

"Dada Justa..."

"Usinisemeshe." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatazama jua. "Badilisha nyuzi. Kuna mtoto wa watu anasubiri Kwaluguru."

Edna alibadilisha. Alichomeka vipande vya kandambili nyuma ya daraja, akakata vishanga vya shaba kwenye miisho ya nyuzi kwa koleo, akaziingiza moja moja darajani na kuzikaza. Uzi wa kwanza ulimchoma chini ya ukucha, damu ikatoka, hakuna aliyemwambia pole. Alipozipandisha zote akachomoa kandambili, nyuzi zikashuka, akazipandisha upya. Kisha akaanza kuzivuta, uzi kwa uzi, akiuinua kwa vidole na kuuachia. Zilishuka. Akazipandisha. Akavuta, zikashuka kidogo. Hosiana alisema gari limefika, dereva anapiga honi.

"Bado," alisema Edna.

"Saa sita hii!"

"Bado zinashuka. Nikifunga sasa itakuwa Kwamsisi tena."

Justa alisogea, akashika uzi wa tatu, uleule. Akauvuta juu kwa kidole, bila haraka, mara nyingi. Edna akaupiga. Ulikuwa umeshuka kwa unywele. Akaupandisha, Justa akauvuta tena, na safari hii ulipopigwa ulikaa palepale. Wakafanya hivyo kwa nyuzi zote, wawili hao, honi ikilia nje.

"Sasa," alisema Edna. Aliuinua ufunguo mnene akamgeukia Bi Mwanaidi, lakini Bi Mwanaidi, bila kugeuka kutoka ukutani, alitoa kidole akamwelekeza Justa.

Justa alikaza vifuli vyote vitatu kwa mkono wake. Alipomaliza alikata fundo la uzi mweusi kwa meno, akautoa ufunguo wake wa zamani, akautundika ule mnene mahali pake na kuuvaa. Kisha akaunyanyua mkono wa Edna, ule wenye damu, akauweka ndani yake ule ufunguo usiofungua kitu.

"Huu uvae wewe," alisema. "Miezi mitatu. Ukioga nao, ukilala nao. Na watu wakikuuliza ni wa nini, uwaambie."

Wakapakia vyombo. Jioni ile Kwaluguru, Justa aliongoza wimbo wa kumwingiza bibi harusi, na uzi wa tatu haukushuka hata kidogo. Edna alipiga akiwa ameinama. Katikati ya wimbo mtoto mmoja wa kike alisogea karibu na spika, akaunyooshea kidole ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwa Edna, akauliza ni wa kufungulia nini. Edna hakuacha kupiga. Akamwambia.